Vijiti vya Madam Nyangeta

Mpaka sasa hivi siamini, jamani. Alhamisi tulikuwa tunagombania chapati ya mwisho ofisini, jana tumemzika kwao Butiama. Presha. Hata kuaga hajaaga.

Kwa msiomjua: Madam Nyangeta nimefundisha naye shule moja ya msingi hapa Bunda miaka tisa. Mfupi, kicheko chake kinafika mpaka jikoni kwa wapika uji. Msilie sana mkisoma hii, hakupendaga watu wa kununa.

Mimi ni wa Kibara, nimekulia kwa wavuvi. Alinitaniaga: "Magesa, nyie watu wa ziwani mnaongeaga kama mtu yuko mtumbwi mwingine. Punguza, watoto wako hapa hapa!" Nacheka. Kumbe ananiambia ukweli.

Niwasimulie habari ya Bhoke, maana bila hiyo hamtamjua Nyangeta.

Bhoke alikuwa darasa la nne, namfundisha hisabati. Mtoto hakai! Ukigeukia ubao yuko dirishani, ukigeuka tena yuko chini ya dawati anatafuta kifutio ambacho hajapoteza. Fimbo haikusaidia, na leo naona aibu kwamba nilijaribu.

Nikachoka. Nikaandika barua kwa Mwalimu Mkuu: mtoto ametushinda, mzazi aitwe, amtafutie shule nyingine. Mama yake anauza dagaa, shule nyingine angeitoa wapi? Mtoto angekaa nyumbani, basi. Nililijua hilo na bado niliandika.

Nyangeta akaikuta mezani kwangu. Hakunigombeza. "Nipe wiki mbili kabla hujaipeleka. Nataka nifanye action research."

Nikamuuliza ndiyo mdudu gani huyo.

"Nakaa nyuma ya darasa lako, naangalia, naandika. Halafu tunajaribu kitu, naandika tena. Basi."

Nilifurahi kweli! Nikajua huyu ananikusanyia ushahidi.

Akawa anakuja na kaunta buku lake, anajibana kwenye dawati la nyuma, magoti yanakaribia kidevu. Bhoke akinyanyuka tu, kijiti kimoja kwenye karatasi. Namwona anachora, anachora, moyoni nasema safi, chora hivyo hivyo.

Wiki mbili zikaisha, akanifungulia kurasa. Siku watoto walipopima uwanja kwa kamba, Bhoke hana hata kijiti. Siku niliposimama ubaoni kipindi kizima, vijiti vimejaa mpaka pembeni. Halafu akafunua ukurasa mwingine.

"Hivi ni vya darasa zima, siyo Bhoke tu. Na anayeongea bila kupumua hapo mbele ni wewe, ndugu yangu."

Weee! Nilinuna siku tatu. Simsalimii mtu, chai nakunywa peke yangu nyuma ya stoo. Siku ya nne akanikabidhi sato wa kukaanga kwenye gazeti: "Kula kwanza, halafu unune vizuri."

Sasa hapo utaendeleaje kununa? Ile barua nayo sikujua ilikoenda, na sikuitafuta.

Tukaanza. Meza ya miguu mirefu tuliagiza kwa fundi wa Kitaji kule Musoma, ikafika Bunda imefungwa juu ya basi, miguu inaangalia mbinguni. Tukaiweka nyuma, anayetaka kuandika amesimama, asimame. Bhoke akapewa kazi ya kugawa madaftari. Na mimi nikaambiwa nikiongea sana, Nyangeta atakohoa. Alikohoa mpaka watoto wakamletea maji.

Siku ya kwanza ya kusoma jedwali la kuzidisha kwa kuruka, tulisahau kwamba sakafu yetu ni ya udongo. Vumbi! Mwalimu Mkuu akaja mbio akidhani watu wanapigana, akamkuta Nyangeta yuko hewani.

"Tisa mara tatu, Mkuu!" akamrushia swali bado anaruka.

"Ishirini na saba," Mkuu akajibu, na visigino vyake vikanyanyuka kidogo. Niliviona kwa macho yangu.

Muujiza haukuwepo. Bhoke aliendelea kunyanyuka, na kuna siku nilikuwaga nachemka kabisa. Nyangeta ananivuta pembeni: "Hatumtibu, siyo mgonjwa. Tunamtafutia nafasi." Mtoto alimaliza la saba na sisi, akafaulu.

Jana alikuwepo msibani. Yuko kidato cha tatu sasa, na hakukaa hata kidogo: kabeba maji, kagawa sahani, kawapelekea wazee viti. Mama mmoja akauliza, huyu binti mchapakazi ni wa nani? Nikajibu haraka, "Ni wetu."

Halafu katekista akaongea, akaongea. Nikashtuka mkono wangu unachora vijiti nyuma ya ratiba, kimoja kwa kila anayejigeuza kwenye kiti. Nyangeta, ungecheka mpaka wakutoe nje.

Tulipomaliza, dada yake akanipa lile kaunta buku. Nikalifungua, ndani kuna barua yangu. Ile ile. Alikuwa nayo miaka yote hii. Nyuma yake ameandika kwa peni nyekundu: "Magesa siyo mbaya. Amechoka. Wiki mbili."

Kumbe wiki mbili zilikuwa zangu. Nimelia mbele ya watu, sina cha kuficha.

Ukurasa wa mwisho kuna jina la mtoto mpya wa darasa la pili, na vijiti vinaishia Alhamisi.

Madam, Jumatatu nakaa mimi dawati la nyuma. Miguu yangu ni mirefu kuliko yako, nitaumia, najua unacheka. Lakini hivyo vijiti nitaviendeleza, na mdomo nitaufunga.

Asante kwa kutoipeleka ile barua. Asante kwa sato.

Lala salama, rafiki yangu. Tulia wewe sasa, huku nyuma tumesimama.