Makaburi Ndani ya Jalada la Wenye Nywele

Nilikuwa na albamu tatu za roki nzito, na kwa hesabu yangu hakuna mtu mwingine mtaani kwetu Kinama, pengine hadi mpaka wa Kongo, aliyekuwa nazo. Alinipa mzungu mmoja wa Kinindo, mtaa wa wenye pesa, niliyekuwa nikimwoshea gari. Vita vilipomhamisha nilimpakilia mizigo, masanduku yakajaa, mfuko wa kaseti ukabaki nje, akanitupia. Kiingereza sikukijua, ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza shule ya jioni, basi nikazibatiza kwa kutazama majalada. Radi ilikuwa na mawingu meusi. Wenye Nywele ilikuwa na wanaume wanne ambao nywele zao zingetosha kusuka mikeka ya mtaa mzima. Makaburi ilikuwa na misalaba iliyopinda na mkono ukichomoza ardhini.

Radi ilikuwa ya asubuhi, ya kumwamsha mtu bila kahawa. Wenye Nywele walikuwa wakilialia, nadhani kwa ajili ya wanawake, niliwasikiliza nikifua. Lakini Makaburi ndiyo ilikuwa yangu. Wimbo wa tatu, upande wa kwanza: gitaa linaanza peke yake, linalia kama mashine ya kuchomelea vyuma, halafu ngoma zote zinaanguka kwa pamoja. Bati letu lilitetemeka hadi kuku wa Carama, mtaa wa pili, wakaacha kutaga. Watu waliniuliza, na milio hii yote ya risasi mjini, wewe unaongeza mingine? Milio ya mji sikujua itaanza lini wala itaisha lini. Hii niliianzisha kwa kidole na kuizima kwa kidole.

Mama alikuwa mtu wa kundi la sala. Siku alipoliona jalada la Makaburi alisema ni mashetani, akalitia kwenye mkaa, chini ya sufuria ya maharage. Nikamwambia maharage ya siku hiyo yameiva upesi kuliko kawaida, hakucheka. Kaseti yenyewe niliiokoa, nikaificha ndani ya jalada la Wenye Nywele. Wenye Nywele wenyewe nikawatia kwenye soksi.

Sasa, mtaa wetu ulipokimbia, kila mtu alishika njia yake. Mimi na Mama tulirudi baada ya miezi. Kaka yangu mkubwa hakurudi. Mwishowe tukapata habari: yuko kambini Tanzania, mzima, ila ameambiwa Mama amekufa, na kilio ameshamaliza. Mama mmoja mwuza vitenge alikuwa anakwenda Kigoma, akasema atapeleka ujumbe.

"Nitaandika barua," nikasema.

"Barua atasema ni we umeandika tu," Mama akajibu. "Lakini sauti yangu, atakataa?"

Kaseti tupu hazikuwepo. Vikwazo vya biashara tulivyowekewa na nchi jirani vilikuwa vimefagia maduka, hata chumvi tuliiheshimu. Nikajifanya shujaa.

"Chukua ile ya nywele, Mama. Ziba matundu ya juu kwa karatasi, bonyeza vitufe viwili pamoja, sema."

Nikaenda zangu kazini, kifua mbele. Ile soksi sikuikumbuka kabisa.

Niliporudi adhuhuri mwuza vitenge alikuwa ameshakaa mlangoni na furushi lake. "Sikiliza kwanza kama imeshika," Mama akasema. Ilikuwa imeshika. Alimgombeza kaka yangu kwa kuamini maneno ya watu, akamwuliza kama anakula, akaimba wimbo mmoja wa sala na wenzake. Halafu tak, kimya kidogo, na gitaa likapasuka katikati ya wimbo wa tatu. Wimbo ulibaki nusu tu. Ilikuwa Makaburi yangu; nikaizima kwa kidole.

"Mbona umekuwa kama mutu ameona nyoka?"

"Apana kitu, Mama."

"Mi naenda," mwuza vitenge akasema. "Gari haiko ya baba yangu."

Ningeweza kusema haikushika vizuri, turudie kwa nyingine. Gari lisingengoja. Nilikaa na ile kaseti mkononi dakika moja iliyokuwa ndefu kama Ramadhani mbili, kisha nikampa.

Jibu lilikuja baada ya masika mazima, kwenye kaseti ya kwaya. Mama akaketi karibu na redio, mkono shavuni.

"Mama," sauti ya kaka yangu ikasema, "nilisikia vile unanigombeza, nikajua ni we mwenyewe. Malaika hawagombezi hivyo." Akapenga kamasi. "Na we mudogo wangu, kaseti yako sirudishi. Mama iko ndani. Lakini ule wimbo wako umekatika, hapa tumeusikia mara elfu. Shika malipo."

Wakaanza. Wanaume watatu au wanne, gitaa kwa midomo, nyeng, nyeng, nyeeeng, na mtu akipiga dumu la maji badala ya ngoma. Walikosea kila mahali. Nimesikia albamu nyingi tangu hapo, za bei, na hakuna iliyoikaribia hii.

Mama alisikiliza hadi utepe ukaisha.

"Hao ndio mashetani wa makaburi?"

"Ndio hao, Mama."

"Rudisha nyuma."

Nikatia kalamu kwenye tundu la kaseti nikaanza kuzungusha kwa mkono, maana betri tulizitunza kwa kusikilizia tu.