Kesi Tuliyoipeleleza Sebuleni

Mume wangu alipopata kiharusi, mkono wa kulia ulilegea na maneno yakamkimbia. Alikuwa fundi wa kuchomea mageti, mtu wa sauti kubwa, anayeweza kubishana na mteja huku mashine inanguruma. Aliporudi kutoka hospitali akawa anakaa kitako kwenye kochi letu hapa Madungu, anatazama ukuta. Nikimuuliza anataka chai au uji, ananionesha kwa kidole cha kushoto. Mtaalamu wa mazoezi alitwambia vidole vya mkono mgonjwa vifanyishwe kazi kila siku, na tusimsemee. Akatupa mpira wa kuminya. Mume wangu aliuminya mara mbili tatu, kisha akautupa uvunguni mwa kitanda.

Binti yetu anayesoma Unguja alikuja likizo, akatuachia laptopu yake ya zamani. "Mama, humu mna gemu la upelelezi," akaniambia. "Jaribuni na baba."

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, nikidhani gemu ni kupigana na kukimbizana tu. Hili lilikuwa jingine. Mzee tajiri ameuliwa kwa sumu nyumbani kwake, katika nchi ya baridi. Wanaoshukiwa ni mkewe, mdogo wake, mpishi na daktari wake. Unaingia chumba hiki na kile, unabonyeza vitu, unawahoji watu, halafu unaiburuta picha ya muuaji mpaka kwenye mlango wa jela. Maandishi yote ni ya Kiingereza, kwa hiyo nikawa namsomea kwa Kiswahili, kila nikishatoka skuli na kusali alasiri.

Mwanzo kipanya cha laptopu nilikishika mimi, yeye akitazama tu. Siku moja nikapita haraka jikoni mwa yule tajiri, akanigonga begani kwa mkono mzima.

"Ru... rudi."

Lilikuwa neno lake la kwanza siku ile. Nilirudi, kisha nikakiweka kipanya chini ya mkono wake wa kulia. "Basi shika wewe. Mimi kazi yangu kusoma."

Alinikata jicho, lakini alishika.

Jirani yetu alipokuja kuazima kinu akatukuta tumeinamia kioo cha laptopu. "Yarabi! Watu wazima mwacheza michezo ya watoto?"

"Twatafuta muuaji, bibi," nikamjibu. "Kinu kipo uani, kachukue."

Mimi nilikuwa na yakini kwamba muuaji ni mdogo wa marehemu, kwa kuwa ndiye mrithi. Mume wangu alitikisa kichwa. Nikashikilia langu mpaka akakubali. Inspekta wa gemu akatokea, akasema tumemkamata asiye na hatia, tukarudishwa mwanzo kabisa. Nilikasirika. Nikachukua simu nitafute jibu mtandaoni. Mume wangu akaninyang'anya kwa mkono wa kushoto, akaikalia.

"Nipe simu yangu."

"Ha... hapana."

"Sasa tutakaa na maiti huyu mpaka lini?"

Akaionesha laptopu kwa kidevu. Tuanze upya.

Tukaanza upya, na safari hii hatukuruka kitu. Tulisoma maelezo ya kila mtu, tukafungua kila kabati. Tulipofika ukumbini, alisimamisha mshale karibu na mlango, hautoki. Akawa analitafuta neno, jasho linamtiririka. Mimi nilikuwa nimeshaona anachokionesha, ila nikajizuia nisimsemee.

"Vi... viatu," alisema. "Vi... kavu."

Viatu vya daktari. Nikayasoma tena maelezo yake kwa sauti: alidai alikuja kwa miguu baada ya kuitwa, mvua ikimnyeshea njia nzima. Nikatafuta na ya mjane: mvua ilianza kabla ya chakula na haikukatika.

"Kumbe hakutoka nje!" nikasema. "Alikuwemo humu humu tangu mvua haijaanza!"

Mume wangu alikuwa ameshaifikia picha ya daktari. Kuburuta kunataka ukandamize bila kuachia, na kidole chake kikaachia, picha ikarudi. Akajaribu tena, ikamponyoka nusu njia. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana na chaji ilikuwa inakwisha. Nikanyoosha mkono nimsaidie.

"Acha," alisema. Neno zima, bila kukwama.

Nikaurudisha mkono wangu mapajani. Alijaribu na kujaribu, bega limekaza, meno kayauma, na mimi nimeshika pumzi. Mwisho picha ikafika mlangoni, akaachia. Daktari akatiwa pingu. Laptopu ikazima kabla hatujaambiwa kwa nini aliua.

Tukabaki kubishana. Mimi nilisema aliogopa kufukuzwa kazi. Yeye akasema, "Alim... taka m... mke." Nikamwambia hana ushahidi. Akapiga kochi kwa kiganja, akaanza kunieleza jinsi mjane alivyokuwa akimtazama daktari, neno moja moja, mpaka ikaadhiniwa Magharibi. Ulikuwa ugomvi wetu wa kwanza wa kweli tangu augue. Sikumwachia ashinde kwa kuwa ni mgonjwa, na yeye hakunyamaza.

Mkono haujarudi kama zamani, na kuchomea hachomei tena. Lakini asubuhi anakwenda karakana kuwasimamia vijana wake, na bei ya geti anaitaja mwenyewe, hata ikimchukua muda. Wateja wanasubiri.