Kopo la Makaa ya Vibuyu

Nilipokuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nilirudi nyumbani likizo nikiwa na majibu hata ya maswali ambayo hakuna aliyeniuliza. Mama akanituma makaa ya senetwet, ule mti tunaosugulia vibuyu kabla ya kugandisha mursik, maziwa yetu ya mgando. Aliyaweka katika kopo ambalo baba alirudi nalo kutoka jeshini. Kwetu Konoin mvua hunyesha karibu kila alasiri, na kopo lile lilikuwa na kifuniko kisichopitisha maji. Wanawake wenzake walilionea wivu.

Nikalipindua nimwage makaa. Chini yake, kwenye bati, palikuwa pamegongwa fuvu na mifupa miwili.

Baba alikuwa ameketi mlangoni akikunja na kukunjua vidole. Tangu atoke jeshini, miaka minane, viungo vilimuuma, ngozi ilimwasha, na siku nyingine aliniita kwa jina la ndugu yake marehemu. Madaktari walisema hana ugonjwa. Majirani walisema aliua watu na hakutakaswa.

"Baba, hili lilikuwa na nini?"

"Dawa ya chawa. Mimi ndiye nilikuwa nanyunyizia mahema na blanketi. Unga mweupe kabisa. Wenzangu waliniita mwenye posho mill, kama msaga unga."

"Kwa mikono mitupu?"

"Ulitaka niazime mikono ya nani?"

Nikamwonyesha mama lile fuvu. Akacheka. "Umekunywa maziwa ya makaa haya miaka minane, na bado mdomo wako haujachoka."

Kisha akaacha kucheka. Akatazama vibuyu vilivyoning'inia ukutani, halafu dada yangu mdogo aliyekuwa na kikombe mdomoni. Alimpokonya. Akashusha kibuyu kimoja baada ya kingine, akaenda kumwaga nyuma ya nyumba. Katika boma letu sikuwahi kuona maziwa yakimwagwa. Nilikumbuka kila siku niliyoumwa kichwa, nikaziweka zote katika hesabu ya kopo, hata zile za bia.

"Lete nilione," baba alisema.

Alipapasa fuvu kwa kidole ambacho, alituambia mara nyingi, hakikuhisi tena kitu. "Miaka minane naambiwa ni mawazo tu." Alikuwa karibu kufurahi, na hilo lilinitisha kuliko fuvu lenyewe. Alivaa koti la kanisani. Alitaka kwenda hospitali siku hiyo hiyo, amwekee daktari kopo mezani.

Nilimsindikiza kati ya mashamba ya chai hadi barabarani. Mlimani alisimama ajisugue magoti, akaninyooshea kopo.

"Nishikie kidogo, msomi."

Mikono yangu ilikuwa tayari mgongoni. Nilisema kamba ya kiatu imefunguka, nikainama. Nilikuwa nimevaa malapa.

Baba alinitazama miguu, akalikumbatia kopo lake kifuani, akaendelea kupanda.