Mafuta ya Maombi Kwenye Boneti

Msichana wetu mkubwa alituambia wazi: gari ya nyumbani ikibaki vile iko, siku ya harusi ataenda kanisani na gari ya wakwe. Wakwe ni watu wa Makueni, upande wa Kalamba, na walikuwa wanakuja na magari ya kung'aa. Yetu ni stesheni wagon kuukuu, boneti imebambuka rangi, milango imekwaruzwa na miiba ya hizi njia za Migwani. Lakini ndiyo ilimleta nyumbani kutoka hospitali akiwa mchanga, na baba yake alitamani sana kumpeleka nayo. Hakusema. Alikuwa anatoka tu nje kuitazama.

Nikaenda kwa fundi wa rangi pale sokoni. Bei yake ikanishinda. Akanionea huruma. "Mama, kupuliza rangi ni kazi ndogo. Kitu inakula pesa ni msasa. Mniandalie vipande nyumbani, mimi nipulize tu. Nakuja kuvichukua Alhamisi asubuhi. Mkichelewa, Jumamosi ya harusi hamna gari."

Basi baba yao akafungua boneti, milango na bampa, tukavilaza kwa magunia hapo uwanjani kama wagonjwa. Tukaosha na sabuni, tukakwaruza kutu na msasa mkali, tukaziba mabonde na fila, ule udongo wa dukani wa kujazia bati. Mkebe nilisoma mimi, kwa hiki Kiingereza changu cha masomo ya jioni: ile dawa ya kugandisha, weka kidogo tu. Baba yao akaona huo ni uchoyo, akaongeza. Fila ikawa jiwe kwa kibao cha kuchanganyia kabla ifike kwa mlango.

"Soma tena," akasema, na tukacheka mpaka kuku wakakimbia.

Halafu msasa laini, ule wa maji. Hapa kwetu maji inachimbwa kwa mchanga wa mto na kuletwa na punda, kwa hivyo tulikuwa tunaikinga kwa beseni na kuirudia tena, mpaka ikawa nzito kama uji. Lakini nilipofunga macho na kupitisha kiganja, sikusikia tena mahali fila inaanzia. Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Jumatano wamama wa kanisa wakaja kwa maombi ya harusi. Kwetu mtu akinunua hata pikipiki, haiendi mbali kabla haijaombewa. Mwenyekiti wetu akaona vile vipande vimelala hapo. "Bwana asifiwe! Gari inazaliwa upya na tunaipita tu?" Akatoa chupa yake ya mafuta ya upako. Kila kipande kikapakwa msalaba. Boneti ikapata miwili, kwa sababu ndiyo inatangulia. Tukaweka mikono, tukaimba. Amina yangu ilikuwa kubwa kuliko za wote.

Alhamisi asubuhi fundi akafika na pikapu. Akapitisha mkono kwa boneti, akanusa kidole.

"Nani amekaangia kitu hapa?"

"Tumeviombea," nikamwambia.

Akashika kiuno. "Mama, hata mimi nimeokoka. Lakini rangi haijaokoka. Ikikuta mafuta inakimbia, inaacha vishimo kama macho macho. Na hii fila imeyanywa kama chapati! Mpanguse na thina, ile ya kuyeyusha rangi, halafu msasa tena. Mchana ikipita, upepo inaleta vumbi, mimi sipulizi."

Wamama walikuwa wamerudi kutuchagulia mchele. Mwenyekiti akaweka ungo chini. "Upako unapanguswa na thina? Umeona wapi?"

Huyo mama aliniombea nikiwa mgonjwa kitandani, siwezi kumdharau. Lakini nikamwona baba yao amesimama kando ya gari haina milango, kofia mkononi. Nikachukua kitambaa.

"Mwenyekiti, jana tukiomba, Mungu alisikia hapo hapo, ama anangoja mafuta ikauke?"

Akanitazama. Halafu mabega yake yakaanza kutingika. "Woi! Kumbe hiyo shule ya jioni ulienda kusomea kunijibu?" Akanipokonya kitambaa. "Lete hapa. Aliyepaka ni mimi, atapangusa ni mimi."

Mchele ukabaki. Mwenyekiti mbele na thina, sisi nyuma na msasa, mmoja akaanzisha pambio na mikono ikafuata makofi. Fundi akatazama, akatingisha kichwa. "Nyinyi wamama mtanifukuza kazi." Jua halijafika utosini, akapakia vipande, akaenda.

Ijumaa jioni fundi akavileta, na baba yao akavirudisha mahali pake, anashika kila mlango na vidole viwili kama yai. Rangi ya maziwa, ile ile ya gari, safi. Jumamosi msichana akatoka nyumbani na shela yake, akasimama. Akazunguka gari yote, mimi nyuma yake. Kwa mlango wa nyuma akainama.

"Mama, hapa kuna msalaba."

Kweli, chini karibu na bawaba, rangi ilikuwa imejitenga kidogo. Huo tuliusahau. Fundi, ambaye alikuwa amekuja kula pilau, akaanza kuomba msamaha.

"Wacha hivyo," msichana akamwambia. Akafungua huo huo mlango, akaingia. Mwenyekiti akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Baba yake akaendesha polepole kabisa, vumbi isiishike rangi. Magari ya Kalamba yote yakafuata nyuma yake, na hakuna hata moja ilithubutu kumpita.