Maua Kwapani mwa Majani

Kosa langu la kwanza katika kujifunza mimea lilikuwa kuuamini ulimi. Nililifanya kwa uangalifu mkubwa, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Kwetu Kuze, mtaa wa kale wa kisiwani, mtu akienda kununua dawa ya majani hayatazami sana. Muuzaji humpa kipande, naye hukitafuna, hukunja uso, hutema, husema, "Ndiyo hiyo." Nilikua nikiyaona hayo, na nilipoanza kukusanya mimea yangu niliipanga rafuni kwa namna hiyo hiyo: michungu juu, mikali katikati, michachu chini. Kila fungu nililikata kwa urefu mmoja. Jani likikunjika, nililitupa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, sina mwalimu wa elimu ile, na nilidhani unadhifu ndio ujuzi.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyenilea. Kila baada ya masika homa ya baridi ilimrudia, na dawa aliyoiamini ilikuwa moja tu: majani makavu yaitwayo mamejavo, yaliyoletwa kutoka Kachi kule Hindi na kuuzwa na Mhindi mmoja mwenye duka karibu nasi. Kwinini ya serikali aliikataa katakata.

"Yanitia nyuki masikioni," alisema. "Afadhali homa, haina kelele."

Ilipoanza kujengwa reli, vibarua waliotoka Hindi walishikwa na homa kwa wingi, nao waliijua mamejavo kuliko sisi. Magunia ya dukani yakaisha. Siku moja nilikuwa Kizingo, ambako siku zile palikuwa na vichaka na nyasi fupi mpaka kwenye mawe ya pwani, nikaona mmea mdogo wenye majani membamba. Nikatafuna. Uchungu ulikuwa uleule, au niliutaka uwe uleule. Nikachuma, nikapukutisha majani kwenye vijiti ili fungu likae sawa, nikayakausha, nikamchemshia shangazi.

Alitapika mpaka magharibi. Mimi nilikaa mlangoni nikiosha kikombe nilichokwisha kukiosha.

Kesho yake aliniita. "Mwanangu, kama waitaka hii nyumba, ngoja nife kwa zamu yangu."

Alisema kwa mzaha, lakini tangu siku ile hakupokea hata chai mkononi mwangu. Na homa haikungoja aniamini tena. Baada ya muda ilirudi, na meno yake yakawa yanagongana juu ya mto. Nikaenda dukani.

"Sabalkheri, Bhai. Hamna hata kidogo?"

"Sabalkheri. Kuna vumbi la gunia. Utanunua vumbi?"

"Nitanunua vumbi."

Akacheka, akaligeuza gunia ndani nje. Chini ya vumbi mlikuwa na vijiti vizima, majani yake bado yameshika. Vyote pamoja vilitosha chungu kimoja tu. Nilivipeleka nyumbani nikamwekea shangazi karibu na mkono wake, asije akasema nimevigusa sana.

"Nitachemshiwa vyote," alisema, blanketi mpaka kidevuni.

"Vikichemshwa vyote leo, homa ikirudi hatuna kitu. Nipa vijiti viwili nivitazame."

"Uvitazame! Mara ile macho yalikuwa wapi?"

"Nilikuwa nayo. Sikuyatumia."

"Chukua viwili. Ukichukua cha tatu nitakuita mwizi."

Vilivyobaki alichemshiwa na jirani, homa ikapungua lakini haikukatika. Viwili vyangu nilivilaza katika kisahani cha maji ya moto mpaka vikalainika. Kwa sonara wa mtaani niliazima lenzi anayotazamia vito. Majani yalitoka mawili mawili, yakitazamana, hayana kikonyo, na kila moja lilikuwa na mishipa mitatu iliyotoka shinani ikapanda kuelekea ncha. Maua yalikaa kwapani mwa majani, pale jani linaposhika shina, yamesongamana, yamekazwa shinani kama vifungo. Katika fungu langu la kwanza nilikuwa nimepukutisha majani yote, na pasipo na jani hapana kwapa. Kwa unadhifu wangu nilikuwa nimeliharibu jambo lenyewe la kutazama.

Nilirudi kwanza pale nilipokosea. Ule mmea ulionitia aibu majani yake yalipishana, moja huku, moja kule. Mtu asiyejua kusoma wala kuandika angeiona tofauti, lau angetazama. Nikaazimia kwamba kama mamejavo imo kisiwani nitaipata, na kama haimo nitalisema hivyo pia.

Asubuhi baada ya asubuhi nilitembea Kizingo nimeinama. Wenye kupita waliniuliza nimepoteza nini. Niliwaonyesha kijiti changu kilicholowa, wakasema, "Hayo majani tu," wakaenda zao. Niliogopa kila kitu: kwamba mvua itakatika na mimea ikauke, kwamba nitaukanyaga bila kuuona, kwamba nitauona nisiuamini. Kisha, nyuma ya mawe, kwenye mchanga uliochanganyika na udongo, nikaukuta. Majani yakitazamana, mishipa mitatu, maua meupe kwapani. Nilitamani kuutafuna. Badala yake niliung'oa na mizizi yake nikauchukua mzima ndani ya kitambaa kibichi.

Ua lake lilikuwa bomba dogo lenye ncha tano. Katika tumba, ncha zile zilijipinda upande mmoja, hii imeilalia hii, kama mikunjo ya kilemba. Nikalipasua kwa sindano ya shangazi ya kushonea kofia. Ndani mlikuwa na nyuzi tano zenye chavua, na chini ya kila uzi kigamba kidogo kilichojikunja kama kikofia. Nikapasua ua la kijiti cha dukani, lililokwisha kuwa na rangi ya majani ya chai. Vikofia vilikuwamo.

Nilikuwa na kitabu cha Kiingereza cha mimea ya Hindi, kisicho na jalada, nilichokipata mnadani na kukisoma kwa taabu, neno kwa neno. Mmea huu niliukuta humo, na jina la ukoo wake lilinisimamisha kwa kuwa nililijua kwa Kiarabu: jintiyana, mzizi wa dawa wanaouuza maatari, wenye maduka ya manukato na dawa. Mzizi ule ni mnene na hutoka kwenye milima ya baridi. Mmea wangu ni kijinyasi cha mchangani. Kilichowafanya kuwa ndugu ni majani kutazamana, tumba kujipinda, na tunda la chumba kimoja linalopasuka pande mbili. Uchungu ulitajwa kwa neno moja tu, tena kwa kupita. Rafu yangu nzima nilikuwa nimeijenga juu ya neno lile moja.

Sikumpelekea shangazi. Nilichemsha nikanywa mwenyewe, mbele yake, kila asubuhi.

"Bado hujafa?" aliniuliza.

"Bado."

"Kwa mwendo huu utanichelewesha."

Mwisho akataka kuona. Nikaweka mmea wa dukani na wa Kizingo pamoja kwenye sahani nyeupe, nikampa lenzi. Alikuwa amezoea kushona vitundu vya kofia visivyoonekana na watu wengine, na aliutazama ule mmea kwa muda mrefu kuliko nilivyotazama mimi mara ya kwanza.

"Hawa mama yao mmoja," alisema.

"Mmoja. Hilo nalijua. Kama utakutosha kwa homa, shangazi, hilo silijui."

Alinigeukia. Nadhani hakuwahi kunisikia nikisema sijui. "Basi nenda kaniletee na kwinini yao," alisema. "Nitakunywa vyote viwili." Akanyoosha mkono akapokea kikombe kwangu, akanywa mpaka chini, akatukana uchungu wake.

Homa ya mwaka ule ilikatika, na siwezi kusema ni kipi kilichoikata.

Siku hizi nakausha mmea mzima, pamoja na mizizi yake na majani yaliyoliwa na wadudu. Nisilolijua nalisema kabla sijaulizwa, na watu wa nyumbani hunywa ninachowapa.