Shukrani Kabla ya Pesa

Ile sheki, hundi ya karatasi ngumu, ilinigharimu dola mia sita na arobaini, friji, na jina langu hapa Kolwezi. Nimehesabu mara mbili. Jina ndilo sijui niliandikie bei gani.

Kazi yangu ni kuwatafutia wacheza ngoma wafadhili na kuwaandikia matangazo. Nauza kitu ambacho mnunuzi hawezi kukibeba nyumbani, kwa hiyo najua kubishana bei. Kundi letu lilipoalikwa kucheza Dilolo, mpakani, nilikwenda kwenye kampuni moja ya shaba nikaomba elfu tatu, nikijua watakata. Wakakata mpaka elfu moja. Nikanuna, nikainuka, wakaniita mlangoni: elfu moja na mia tano. Nilitoka pale nikijiona fundi.

Siku ya makabidhiano walileta sheki ndefu kuliko meza, ya kupigia picha. Mkubwa wao wa mawasiliano akashika upande huu, kiongozi wetu wa ngoma akashika ule. Pesa yenyewe, wakasema, itapita benki. Mimi nikakimbilia redio kushukuru. Ndivyo tunavyofanya katika kazi hii: unamshukuru mtu mbele ya mji mzima ili aone haya kurudi nyuma.

Hakuona haya. Picha alikuwa ameshaipata.

Kila nikienda ofisini kwao, mlinzi alinizuia getini.

"Mama, mukubwa iko mu réunion."

"Mkutano gani huo, tangu mwezi uliopita?"

"Ni réunion murefu, mama."

Huku nyumbani gari lilikuwa limeshakodiwa, mshonaji naye ameshakata vitambaa, vyote kwa mkopo, kwa kuwa redio ilisema pesa ipo. Kundi zima likaja kwangu.

"Mama, feza yetu iko wapi?" akauliza kiongozi wa ngoma.

"Haiyafika, tata."

"Namna gani haiyafika? Mi mwenyewe nilishika sheki!"

"Ulishika karatasi."

"Na wewe ulisema ku radio. Ulidanganya siku ile, ao unadanganya leo?"

Nikauza friji, nikaongeza akiba yangu, nikawalipa dereva na mshonaji. Walicheza Dilolo vizuri sana, nasikia. Waliporudi, mchezaji mmoja akawaambia wenzake, mimi nikiwa palepale: "Munaona? Feza ilikuwaka kwake tu. Tulimukamata shingo, akatapika."

Yaani kulipa kwangu ndiko kulikonifanya mwizi.

Wiki hii yule mkubwa wa mawasiliano ametoka kwenye réunion yake. Amenipigia simu, sauti tamu, anaomba tumrudishie ile karatasi: wanataka kufuta jina letu, waandike la kundi lingine. Nikamjibu kwa maandishi, ili asiseme hakusikia:

"Bwana, karatasi yako ipo, haijapata hata mkunjo. Njoo uichukue, na elfu moja na mia tano mkononi. Tukutane redioni, pale pale nilipokushukuru, uwaambie watu kwa mdomo wako ni siku gani umezilipa."