Maini ya Baba Mkwe

Mimba ya kwanza ilinikuta ukweni, kijijini huko Urambo, wakati wa kuchuma tumbaku. Kila nikiinuka, macho yaliingia giza. Nilidhani ni jua tu. Isitoshe, nilikuwa natafuna udongo, ule wa vipande unaouzwa sokoni, nikiuficha kwenye pindo la khanga.

Kliniki, nesi alinivuta kope ya chini, akatazama viganja vyangu, kisha akanitoboa kidole.

"Damu yako iko chini, mama. Unakula nini?"

"Ugali na mlenda. Asubuhi chai."

"Mayai je? Nyama?"

Kwa akina mume wangu mjamzito hali mayai, na mbuzi akichinjwa, maini ni ya baba mkwe. Nesi alinipa vidonge vya kuongeza damu, akanikanya nisivinywe na chai. Niache udongo. Nile maharage, matembele, dagaa, maini nikiyapata, na chungwa juu yake.

Nyumbani nilimweleza mama mkwe. Akasonya.

"Mimi nimezaa wote hawa bila maini."

Akaendelea kuchambua mboga. Baadaye, bila kuniangalia, akasema, "Huyu mumeo nilimzaa nikakauka damu. Walinipeleka hospitali kwa baiskeli, sijitambui."

Habari hiyo hata mume wangu hakuwahi kunisimulia.

Jumapili alichinjwa mbuzi kwa ajili ya wageni waliotoka kanisani. Nilikuwa jikoni nachochea kuni, mama mkwe akarudi kutoka barazani na bakuli la maini, halijaguswa.

"Baba yako amesema mjukuu wake ale."

"Mama, nitakulaje chakula cha baba?"

"Kaa hapo. Kula nikuone."

Nilikula machozi yakinitoka, kwa aibu na kwa furaha pia. Nje nilimsikia baba mkwe akiwaambia wageni kwamba siku hizi maini yanamsumbua meno. Meno yake yote yalikuwa mazima.

Vidonge vilinichafua tumbo, lakini mama mkwe alisimama mbele yangu kila jioni mpaka nimeze. Udongo ndio ulionitesa kuuacha. Nilitafuna karanga badala yake. Polepole kizunguzungu kikaisha, na kliniki wakaniambia damu imepanda.

Nilijifungua salama kwenye kituo cha afya, asubuhi ya mvua, mtoto wa kike. Mama mkwe alimpokea, akapiga vigelegele mpaka nesi akamwomba apunguze sauti, wenzangu walale.